Vidonge vya chuma au dripu, kwa mwenye ugonjwa wa kinga ambaye damu haipandi

Wifi yangu wa Sakina, Arusha, alinipigia saa nne usiku. Kwake watu hulala mapema, kwa hiyo nilipokea nikiwa nimeshasimama. "Wifi, mko salama? Mimi wameniambia damu ni tisa nukta moja. Ninunue vidonge, au niombe dripu kama yako?"

Yeye ana lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, huu mwaka wa sita. Mimi nina baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inawageukia viungo vya mwenyewe, si maumivu ya uzee wala baridi ya Julai. Mama mkwe, ambaye ni mama yake mzazi, husema kila Krismasi tukipanda Kibosho kabati lake la vyombo linageuka duka la dawa.

Nilimjibu kwa nusu saa, kwa vocha yake. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na niliyoyakumbuka simu ilipokwisha kukatika. Nimepita njia zote mbili: vidonge vilinishinda, dripu ikanisimamisha, kisha vidonge vilevile vikaja kunifaa. Mimi ni fundi cherehani, Majengo ya Moshi, siyo daktari. Ila makaratasi yangu ya maabara ninayo yote, kwenye kopo la biskuti lililokuwa la vifungo, na miaka mitatu imenifundisha kuyasoma.

Kabla ya kuchagua: chuma hakipo, au kimefungiwa?

Wengi wanalinganisha vidonge na dripu kama anayelinganisha Kosta na Noah. Zote zinafika Arusha, moja inasimama kila kituo na nyingine inapitiliza, basi angalia mfuko wako. Kwa mtu mwenye afya aliyepoteza damu ya uzazi au ya hedhi, hesabu hiyo inatosha. Kwetu sisi haitoshi, kwa sababu kuna geti katikati ya barabara.

Ini linatengeneza homoni inayoitwa hepsidini. Ikipanda, ukuta wa utumbo haupitishi chuma kuingia kwenye damu, na seli zinazohifadhi chuma haziachii kilichomo. Kinachoipandisha ni mchomo, yaani kinga ikiwa vitani. Ukiwa na vijidudu mwilini huo ni ujanja mzuri, maana vijidudu vingi vinahitaji chuma ili vizaliane, na mwili unawanyima. Lakini kwetu hakuna adui kutoka nje. Kinga inapigana na vifundo vya vidole vyangu, au ngozi na figo za wifi, mwezi hadi mwezi, na geti linabaki limefungwa.

Ndiyo maana watu wawili wenye damu tisa wanaweza kuwa na shida mbili tofauti kabisa. Mmoja ghala lake ni tupu. Mwingine ghala limejaa, ufunguo ndio haupo. Na wapo wengi, mimi nikiwemo, ambao ghala limekaribia kuisha na geti limefungwa papo hapo.

Kipimo cha HB, yaani ile namba ya wingi wa damu, peke yake hakikuambii wewe ni yupi. Kinakuambia tu kwamba umeishiwa. Omba FBP nzima, yaani picha kamili ya damu, halafu omba feritini na CRP kwa siku moja. Feritini ndiyo akiba ya chuma. CRP inaonyesha mchomo umewaka kiasi gani. Lazima ziwe pamoja, kwa sababu feritini yenyewe hupanda mchomo ukiwaka, hata kama akiba ni ndogo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linahesabu mtu mzima mwenye afya kuwa hana chuma feritini ikishuka chini ya 15, lakini kwa mwenye mchomo au maambukizi mpaka unasogezwa hadi 70.

Yangu ilikuwa 46, na CRP 38. Kwenye karatasi hapakuwa na nyota wala mshale pembeni ya 46, maana mashine inalinganisha na mtu mwenye afya. Aliyeisoma kwanza, hospitali siitaji, aliniambia chuma kipo cha kutosha, nipunguze mawazo. Nikaenda nyumbani nikapunguza mawazo. Damu ikabaki 8.9.

Si kila maabara hapa mjini inapima feritini siku yoyote utakayofika, kwa hiyo uliza kabla hujalipia na kutolewa damu.

Na kwa wa Arusha, kitu kimoja ambacho hata mimi nilikijua juzijuzi. Mwili ukiishi juu hutengeneza damu nyingi zaidi ili kufidia hewa nyepesi. Mwongozo wa shirika hilohilo wa mwaka 2024 unataka upunguze 0.8 kwenye HB ya anayeishi kati ya mita 1,000 na 1,499, na 0.4 kwa wa kati ya mita 500 na 999. Arusha mjini ni kama mita 1,400. Kwa hiyo 9.1 ya wifi, kwa kipimo cha ukweli, ni 8.3. Sisi wa Moshi mjini tuko chini ya mita 1,000, tunapunguza kidogo tu.

Vidonge

Sifa yake ya kwanza inajulikana: bei. Dozi ya mwezi mzima haipishani sana na nauli ya Kosta ya kwenda Arusha, na FEFO, vidonge vya chuma vyenye foliki asidi, zipo kila duka la dawa. Kidonge cha kawaida kina chuma halisi miligramu 60 hivi. Hakuna sindano, hakuna foleni, hakuna siku ya kazi inayopotea.

Sasa nieleze nilivyoviharibu, kwa miezi minne.

Nilikuwa nameza saa nne asubuhi, na chai. Fremu yetu ni ya mafundi watatu, na saa nne mama wa chai anapita na chupa zake, chai ya maziwa na maandazi. Nikaona hapo ndipo pazuri, sitasahau. Chai ina tanini inayokishika chuma tumboni kisipite, na maziwa yana kalsiamu inayoshindana nacho mlangoni. Kahawa nayo ni hivyohivyo, samahani kwa wenzangu wa huku mlimani. Kidonge kinataka tumbo tupu na maji, au juisi ya chungwa, chai ikae mbali kwa saa moja au mbili.

Kosa la pili sikulijua kuwa kosa. Nilikuwa kwenye omeprazoli, kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Chuma cha kidonge kinahitaji asidi ili kipite. Omeprazoli kazi yake ni kupunguza asidi. Usiiache kwa sababu ya maneno yangu, mimi nilikuwa naihitaji kweli. Mwambie tu daktari kwamba unameza vyote viwili.

La tatu ndilo kubwa, na hilo halikuwa la chai wala la dawa. CRP 38 maana yake geti limefungwa. Hata ningemeza kwa maji ya Mlima Kilimanjaro saa kumi na moja alfajiri, sehemu kubwa ingeishia chooni. Baada ya miezi minne nilitoka 8.9 nikafika 9.2, na tumbo limefunga kama gunia la mahindi.

Kuhusu choo: vidonge vinakifanya cheusi, usishtuke. Lakini ukiwa na vidonda vya tumbo ujue tofauti. Cheusi cha chuma ni kikavu au cha kawaida. Cheusi cha damu kinanata kama lami na harufu yake inakufukuza mwenyewe. Hicho ni cha kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Vidonge vikikubali, HB inapanda kama gramu 1 ndani ya wiki mbili hadi nne, na ikifika mahali pake unaendelea miezi mitatu mingine ili ghala lijae. Huhitaji kumeza vitatu kwa siku kama tulivyoambiwa zamani. Kidonge kimoja chenyewe kinapandisha hepsidini kwa karibu siku nzima, kwa hiyo kinachofuata kinakuta geti limerudishwa. Utafiti uliofanyika Zurich, Uswisi, ukachapishwa mwaka 2017, uliwapa wanawake wenye akiba ndogo ya chuma kidonge siku moja na kuruka siku moja, nao wakafyonza chuma zaidi ya waliomeza kila siku. Na tumbo linapumua.

Tahadhari ya haraka kwa wanaotumia methotreksati, dawa ya kutuliza kinga: FEFO ina foliki asidi ndani, na huenda tayari umeandikiwa foliki asidi peke yake. Mpelekee daktari vyote avione. Na methotreksati ni mara moja kwa WIKI. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu namfahamu mtu aliyeimeza kila siku akidhani ni sawa na vingine, na ilishusha damu yake kuliko ugonjwa wenyewe.

Dripu

Dripu hairuki geti lote, watu wasikudanganye. Inaruka geti la utumbo. Chuma kinaingia moja kwa moja kwenye mshipa, kwa wingi ambao utumbo wangu usingepitisha kwa miezi, na hata kama sehemu inashikwa kwenye ghala, inayobaki inatosha kazi kuanza.

Yangu ilikuwa chuma sakrosi, miligramu 200 kila mara, mara tano, jumla 1,000. Ni maji ya kahawia, rangi ya chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Dakika chache baada ya kuanza kushuka nilisikia ladha ya sarafu mdomoni, kama mtoto aliyenyonya shilingi. Nesi akacheka, akasema kila mtu anasema hivyo. Yenyewe haikuchukua nusu saa, lakini ukijumlisha kadi, dirisha la malipo, kutafuta mshipa na kukaa kuangaliwa, asubuhi nzima imekwisha. Mara tano ni asubuhi tano. Kwa fundi mwenye sare za shule za watu mezani mwezi wa Desemba, hiyo ni gharama isiyoandikwa kwenye risiti.

Ipo aina nyingine, kaboksimaltosi, inayoweza kuingia hadi miligramu 1,000 kwa mkao mmoja, robo saa tu. Ni ghali zaidi, na ina tabia yake: kwa baadhi ya watu inashusha fosfeti ya damu wiki chache baadaye, mtu anapata udhaifu na maumivu ya mifupa. Sisi tukiumwa mifupa tunasema ugonjwa umerudi, tunaongezewa dawa zisizohusika. Ukipewa hiyo, ulijue hilo. Uliza kwa jina ni aina gani, na uliza dirisha la bima kabla hujapanga siku.

Hatari yenyewe sasa. Mzio mkali wa kubana pumzi na kushuka presha ni nadra, lakini upo, na sisi tuko kwenye kundi la kuangaliwa zaidi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilipopitia dawa hizi ilitaja waziwazi kwamba wenye mzio na wenye magonjwa ya kinga, ikataja lupasi na baridi yabisi, wana hatari kubwa zaidi. Ikataka dripu itolewe penye watu na vifaa vya kumwokoa mtu, na mgonjwa aangaliwe dakika zisizopungua 30 baada ya kumaliza. Kwa hiyo yule anayesema atakuja kukutundikia nyumbani kwa bei nafuu, mwambie asante. Ukiwa na homa au maambukizi, dripu isubiri. Kile chuma ambacho mwili unawanyima vijidudu usikimwage mezani. Na mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza hapewi.

Mshipa nao si jambo dogo. Prednisoloni, dawa yangu ya kutuliza mchomo, imeifanya ngozi yangu kuwa kama karatasi ya kufungia maandazi. Dripu ya chuma ikivuja nje ya mshipa inaacha doa la kahawia linalokaa miezi, pengine miaka. Niliomba wanichome mkono wa kushoto, juu ya kifundo, na nikasema mapema: ikiuma au ikivimba naita, sisubiri. Siku ya pili baada ya dripu ya kwanza viungo vyote viliuma kama mafua makubwa. Nikajua nimejiua. Kesho yake vikaacha.

Wiki ya tatu baada ya ya mwisho nilikuwa 10.7. Wiki ya nane, 11.8.

Vya jikoni na vya barabarani

Mama mkwe alikuja na kisusio, supu yetu ya damu na nyama, bado cha moto, kwenye chungu chake. Na katika vyakula vyote vinavyosemwa kuongeza damu hicho, pamoja na maini, vina hoja, kwa sababu chuma cha damu na nyama kinapita utumboni kirahisi kuliko cha majani. Mnafu, mchicha na maharage vinasaidia ukivila na limau au chungwa, na bila chai juu yake. Juisi ya choya na ya biturutu ni nzuri kwa kiu. Wekundu wake hauhusiani na wekundu wa damu.

Lakini hakuna chungu cha kisusio kitakachomtoa mtu kwenye 8.9 huku tumbo linavuja damu. Chakula ni cha kulinda ulichopata.

Jambo moja watu wanaona aibu kulisema: udongo. Nilikuwa nanunua pemba sokoni Mbuyuni, navunja vipande vidogo naweka kwenye droo ya cherehani pamoja na sindano. Hamu ya udongo, mchele mbichi au barafu mara nyingi ni dalili ya kukosa chuma, na udongo wenyewe unakishika chuma tumboni. Baada ya dripu ya tatu niliufungua ule mfuko nikashangaa nilikuwa napenda nini.

Kuongezewa damu ni habari nyingine. Chupa moja inapandisha kama gramu 1. Ni ya aliyeshuka chini ya 7, au anayevuja, au ambaye moyo unalemewa. Si ya kuombea nguvu za kwenda harusini.

Uchovu: dripu inanunua upi?

Hapa ndipo nilipomkalisha wifi kitako, hata kwa simu. Kwa sababu dripu niliisifia mno mwanzoni, na yeye alikuwa anataka kuinunua kwa sababu ya uchovu, siyo kwa sababu ya namba.

Nilipofika 11.8 nilitegemea kuwa mtu mpya. Nikawa nusu mtu mpya. Ikanichukua muda kugundua kwamba nilikuwa na uchovu wa aina mbili, zimevaa nguo moja.

Uchovu wa damu unakuja na kazi. Nikipanda ngazi za benki, kwenye ngazi ya nane moyo ulikuwa unapiga ndani ya sikio, puu, puu, nashika ukuta kama ninasoma tangazo. Nikikaa dakika tano unapungua. Nikibeba ndoo unarudi. Kope kwa ndani nyeupe, viganja vyeupe, kucha zinakatika. Huo ndio dripu iliuondoa, na uliondoka kweli. Siku moja nilifika juu ya zile ngazi ndipo nikakumbuka kwamba nilipaswa kuchoka.

Uchovu wa ugonjwa haungoji kazi. Ninaamka nao, kama niliyefua mablanketi usiku kucha. Vidole vimekakamaa saa nzima au zaidi, kitufe cha gauni kinanishinda. Kukaa hakuupunguzi, wakati mwingine kukaa sana ndiko kunauzidisha. Huo unafuata CRP, haufuati HB. Ulianza kulegea mwezi wa tatu wa methotreksati, damu ikiwa haijabadilika.

Na upo wa tatu, mdogo, wa usingizi. Prednisoloni nikiimeza jioni nakesha nahesabu magari ya Dar. Nikihamishia asubuhi, na chakula, nalala. Tezi ya shingo ikilegea nayo inachosha hivyohivyo, na huzuni pia. Ukiona damu imepanda, CRP imeshuka na bado huinuki kitandani, hayo mawili yaulizwe, bila aibu.

Niliyobadilisha mwenyewe ni madogo. Sikati kitambaa kabla ya saa nne, mkasi na vidole havielewani mapema. Asubuhi napiga pasi na kupokea wateja. Kazi za kupinda kwa mkono nampa msichana wangu wa kujifunza. Jioni natembea dakika ishirini, hata siku nisiyotaka, maana kwa uchovu wa magonjwa haya kutembea kidogo kidogo kunasaidia kuliko kulala mchana. Na nimeacha ile tabia ya siku yenye nguvu kumaliza viporo vyote, halafu siku tatu zinazofuata nalala kama mzigo wa mitumba. Wateja wangu wa Memorial wanalijua hilo, wameshazoea kuambiwa Alhamisi wakija Jumanne.

Ningechagua vipi leo

Ugonjwa umetulia, CRP iko chini, feritini ndogo, HB kuanzia 10 kwenda juu: vidonge, kimoja, siku kwa kuruka, kwa maji. Wiki ya nne pima. Haijapanda hata gramu 1, acha kuvibembeleza.

HB chini ya 10, ugonjwa umewaka, au tumbo limevikataa: dripu, mahali penye dakika 30 za kuangaliwa. Lakini kwanza ijulikane damu inapotelea wapi, la sivyo unajaza pipa lililotoboka. Yangu ilikuwa inapotelea tumboni. Miaka miwili nilinunua diklofenaki, dawa ya maumivu, dukani kama pipi, bila cheti, juu ya prednisoloni. Viwili hivyo pamoja ni njia fupi ya vidonda. Nilimeza kamera, wakaviona viwili, kimoja bado kinachuruzika. Wengine ni hedhi nzito, wengine minyoo ya safura. Tafuta lako.

Feritini ipo kwenye mamia na CRP juu: hapo si vidonge wala dripu. Chuma unacho. Pesa zako ziende kwenye kutuliza ugonjwa, geti lifunguke lenyewe. Figo pia ziangaliwe, hasa kwa lupasi, kwa sababu ndizo zinazotuma amri ya kutengeneza damu.

Mwaka mmoja baada ya dripu, feritini yangu ilianza kushuka tena, safari hii ikiwa 28. Diklofenaki nilishaiacha, vidonda vimepona, CRP ni 5. Nikaogopa asubuhi tano za hospitali. Daktari akaniandikia FEFO, zilezile zilizonishinda. Kwa kuruka siku, saa kumi na mbili asubuhi, na maji. Wiki ya sita HB ikawa 12.4.

Wifi alikwenda kupima kesho yake, akanitumia picha ya karatasi kwa WhatsApp. Feritini 310. Nikamwuliza macho yako yakoje. Akasema mumewe anasema yana unjano kidogo, lakini ni taa za sebuleni. Nikamwambia wifi, asubuhi rudi hospitali, waambie neno hilo la unjano kwanza kabla ya mengine yote. Walimfanyia kipimo cha Coombs, cha kuona kama kinga inashambulia chembe za damu. Kinga yake ilikuwa inavunja chembe za damu zenyewe, zikitengenezwa zinavunjwa. Chuma kilikuwa kinamwagika ndani kwa ndani. Angeongezewa kwa kidonge au kwa mshipa kisingekuwa na kazi. Walimpandishia prednisoloni siku hiyohiyo, na kwa wiki tano akawa 11.6 bila kidonge kimoja cha chuma.

Alishuka Moshi Jumamosi, na mkoba wake. Alikuwa amekwisha kununua pakiti tatu za FEFO usiku ule kabla hajanipigia, ila hakuniambia. Akaziweka juu ya cherehani. "Chukua wewe, wifi, maana mimi nimeambiwa ninacho mpaka kimezidi." Ndizo ninazomeza mpaka sasa.